Ukumbi unaoweza kukataa: mwongozo wa kupanga vyumba vya mikutano na vifaa vya ofisi kwa kalenda ya kompyuta

Ofisi nyingi zinazosema zinapanga ukumbi kwa kompyuta, ukichungulia unakuta ni lile daftari la mapokezi, limehamia tu kwenye skrini. Kuna kalenda moja imeitwa "Ukumbi", kila mtu ana ruhusa ya kuandika, na kila mtu anaandika. Idara ya fedha imejiandika Jumanne saa nne asubuhi. Watu wa mradi nao wamejiandika hapohapo. Kalenda imewapokea wote bila kunung'unika, na siku ikifika ugomvi unahamia mlangoni, ambako anayeshinda ni mwenye cheo au mwenye mgeni kutoka nje.

Hapo wa kulaumiwa si nidhamu ya watu. Kalenda ya namna hiyo haijui kwamba ukumbi ni mmoja, kwa hiyo haiwezi kumkatalia mtu. Dawa imo ndani ya programu ambazo ofisi nyingi tayari zinazilipia, yaani Google Workspace na Microsoft 365. Humo ukumbi unasajiliwa kama mwalikwa: unapewa anwani yake ya barua pepe, unaalikwa kwenye kikao kama anavyoalikwa mtu, na wenyewe unajibu ndiyo au hapana kwa kuangalia ratiba yake. Vivyo hivyo kwa projekta, kamera na gari. Kazi yako kama msimamizi ni kuuambia ukumbi ukatae nini. Mengine ni kubofya.

Kabla ya kugusa kompyuta

Andika kwenye karatasi vitu vinavyogombaniwa, na hivyo tu. Ukisajili kila waya na kila ubao, orodha itakuwa ndefu na watu wataikwepa. Kanuni ninayoitumia ni hii: kitu kinachohama kinasajiliwa peke yake, kitu kisichohama kinaandikwa kuwa sifa ya chumba. Projekta iliyofungwa darini ni sifa ya ukumbi. Projekta ya kubebwa mkononi ni kifaa chenye anwani yake.

Kama mna projekta mbili za kubeba, zisajili mbili na uzibandike namba. Usisajili "Projekta" moja ukitegemea programu ihesabu kwamba zipo mbili, kwa sababu haihesabu. Inajua tu kwamba kitu hiki kimechukuliwa au hakijachukuliwa.

Ukumbi mkubwa unaogawanywa kwa kizigeu cha kukunja unahitaji umakini zaidi. Wengi husajili vyumba vitatu: Upande A, Upande B, na Ukumbi Mzima. Hapo umetega mtego, maana programu haijui kwamba Ukumbi Mzima ukichukuliwa, A na B navyo vimekwisha. Sajili A na B peke yake. Anayetaka ukumbi mzima avialike vyote viwili, na kimoja kikikataa atajua papo hapo.

Kisha kaa na uongozi mkubaliane mambo manne, tena yaandikwe. Nani anaweka nafasi moja kwa moja na nani lazima apate idhini? Nafasi inaweza kuwekwa mapema kiasi gani? Kikao kimoja kinaruhusiwa muda gani? Na nani ana haki ya kumtoa mwenzake aliyetangulia? Swali la mwisho ndilo linalokwepwa kwenye vikao, na ndilo linaloua mfumo. Mkurugenzi atahitaji chumba ghafla siku moja, hilo halina mjadala. Kama halikuwekewa utaratibu, atamtuma mhudumu awaambie watu watoke, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayeiamini kalenda. Ni heri chumba kimoja kibaki mikononi mwa katibu muhtasi, kila ombi lake lipitie kwake, na vyumba vingine vyote viheshimu aliyetangulia bila kujali cheo.

Majina

Orodha ya vyumba hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo jina lianze na mahali, lifuate ghorofa, kisha jina lenyewe na idadi ya viti: DSM-2-Ruvu (12), DSM-2-Wami (6), ARU-1-Meru (20). Mtu wa Arusha hatachagua kwa bahati mbaya chumba cha Dar es Salaam. Google Workspace hukutengenezea jina la namna hii yenyewe, kutoka kwenye jengo, ghorofa, uwezo na sifa ulizojaza, hivyo kwenye sehemu ya jina andika "Ruvu" tu.

Usikiite chumba kwa jina la idara. "Chumba cha Fedha" baada ya muda watu wa fedha watakiona ni chao, na ukiwauliza watakuonyesha jina mlangoni. Mito, milima, visiwa na miti havina idara. Na jina lililo kwenye kalenda ndilo libandikwe mlangoni, herufi kwa herufi.

Ukiwa na Google Workspace

Kwanza hakikisha na anayesimamia akaunti kwamba mpango mlionunua unaruhusu kusajili vyumba. Kisha:

1. Ingia admin.google.com kwa akaunti ya msimamizi, fungua "Directory", halafu "Buildings and resources".
2. Anza na jengo, hata kama mnalo moja tu, na utaje ghorofa zake. Bila jengo, mapendekezo ya vyumba hayafanyi kazi vizuri.
3. Andika sifa: projekta, televisheni, kamera ya mkutano wa video, ubao, njia ya kiti cha magurudumu. Chagua maneno mara moja na uyashikilie. Ukiandika "TV" huku na "televisheni" kule, anayetafuta atakosa nusu ya vyumba.
4. Sajili chumba chenyewe: aina, jengo, ghorofa, idadi ya watu, sifa. Gari na vifaa vingine vinaingia kwenye aina ya pili, ile isiyo ya mikutano. Kama vyumba ni vingi, jaza jedwali la CSV (faili rahisi la jedwali linalofunguka hata kwenye Excel) na ulipakie kwa mkupuo.
5. Fungua Google Calendar ukiwa bado msimamizi, jiunge na kalenda ya chumba ulichosajili, uingie kwenye mipangilio yake. Wafanyakazi wape haki ya kuona maelezo, si ya kuhariri. Kwenye mialiko, chagua chumba kipokee ile tu isiyogongana na mingine.

Hatua ya tano hurukwa mara nyingi. Mtu mwenye ruhusa ya kuhariri kalenda ya chumba anaweza kujiandika au kufuta cha mwenzake bila kumwalika mtu, na hapo umerudi kwenye daftari. Ruhusa ya kuhariri iwe kwa mtu mmoja au wawili, basi. Usishangae vyumba vipya visipoonekana mara moja, kwani mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24 kuwafikia watumiaji wote.

Kuna kipengele kimoja ninachokipenda: Google inaweza kuachia chumba yenyewe pale ambapo waalikwa wote isipokuwa mmoja wamekataa kikao. Kinasaidia tu kama watu wana desturi ya kujibu mialiko. Kwenye ofisi ambako mwaliko unasomwa na kuachwa bila jibu, hakitafanya lolote.

Ukiwa na Microsoft 365

Hapa chumba ni sanduku la barua kamili, na kwa matumizi ya kawaida halihitaji leseni ya kulipia. Ingia kwenye ukurasa wa msimamizi, fungua "Resources", halafu "Rooms & equipment", uchague kama unasajili chumba au kifaa. Jaza jina, anwani, uwezo na mahali. Mpaka hapo ni dakika chache. Kinachotaka muda ni sheria zinazokuja zimewekwa tayari, maana hizo ndizo zitakazowafanya watu waseme mfumo umeharibika.

Ya kwanza ni siku 180. Chumba hakipokei nafasi zaidi ya siku 180 mbele. Mtu akitaka kikao cha kila Jumatatu kwa mwaka mzima, chumba kinakataa mfululizo wote, pamoja na Jumatatu ijayo ambayo iko wazi kabisa. Yeye anaona chumba ni tupu na bado amekataliwa, anakuja kwako amekasirika. Waambie watu wauwekee mfululizo tarehe ya mwisho iliyo karibu, au ongeza kikomo.

Ya pili ni saa 24 kwa nafasi moja. Kwa chumba ni nyingi mno na kwa gari ni chache. Zote mbili zinabadilishwa kwa amri moja ya PowerShell, yaani dirisha la Microsoft ambalo msimamizi huandikia amri:

Set-CalendarProcessing -Identity "Ruvu" -BookingWindowInDays 365 -MaximumDurationInMinutes 480

Mfano huu unaruhusu mwaka mmoja mbele na unaweka ukomo wa saa nane kwa kikao.

Ya tatu ni mgongano ndani ya mfululizo. Kwa mpangilio wa kuanzia, siku moja tu ikigongana na kikao cha mwingine, mfululizo wote unakataliwa. Kwa amri hiyohiyo, weka ConflictPercentageAllowed na MaximumConflictInstances juu ya sifuri, kwa mfano asilimia 20 na mara 3. Chumba kitapokea mfululizo na kukataa zile siku zilizogongana tu, na mwenye kikao atajulishwa ni zipi.

Ya nne huwatia watu wasiwasi bila sababu. Ukifungua kalenda ya chumba unakuta hakuna kichwa cha kikao, kuna jina la aliyekiitisha tu. Ndivyo ilivyokusudiwa: programu inafuta kichwa na kuweka jina la mwenye kikao. Inawezekana kubadilisha kwa DeleteSubject na AddOrganizerToSubject, lakini fikiri kwanza. Ofisi haikosi kikao chenye kichwa kama "Shauri la nidhamu" kikifuatiwa na jina la mtu. Je, mnataka kila anayetafuta chumba asome hivyo? Mimi naiacha kama ilivyo.

Ya tano: chumba hakishughulikii mialiko inayotoka nje ya taasisi. Mbia wenu akituma mwaliko na kuweka anwani ya ukumbi wenu ndani yake, ukumbi hautajibu. Mfanyakazi wenu ndiye aweke nafasi.

Kwa chumba kinachohitaji idhini, zima ruhusa ya kila mtu kupokelewa moja kwa moja, yaani AllBookInPolicy, washa AllRequestInPolicy, na umtaje mwenye kuidhinisha kwenye ResourceDelegates. Mtaje na msaidizi wake pia. Mwidhinishaji akienda likizo bila msaidizi, maombi yanakaa yakisubiri na chumba kinalala tupu.

Jambo la mwisho kwa upande huu: ili vyumba vionekane vimepangwa kwa jengo kwenye kitafutio cha Outlook, lazima viwekwe kwenye orodha ya vyumba, nayo hutengenezwa kwa amri New-DistributionGroup yenye kipengele -RoomList. Vifaa haviingii kwenye kitafutio hicho. Anayehitaji projekta anaandika jina lake pale pale anapoandika waalikwa.

Gari, projekta na vinavyosafiri

Chumba kikitoka kwenye kikao kiko palepale. Gari likitoka Mwenge kwenda Bandarini saa tatu asubuhi, hujui litarudi lini. Kwa hiyo nafasi ya gari ihesabiwe kutoka linapoondoka getini mpaka linaporudi getini, foleni ikiwemo, na si muda wa kikao kilichoko huko. Kwa safari za mikoani ongeza ule ukomo wa saa 24, vinginevyo safari ya siku tatu itakataliwa kila mara. Dakika 10080 ni siku saba, zinatosha kwa safari nyingi.

Dereva aalikwe kama mtu. Yeye na gari ni vitu viwili: gari linaweza kuwa huru huku dereva yuko likizo. Na gari lisijipokelee lenyewe. Ombi lipitie kwa afisa usafirishaji, ambaye anajua mambo yasiyoonekana kwenye kalenda, kama bima inaisha lini, mafuta yapo au hayapo, na kama kuna mwingine anaelekea njia hiyo hiyo mkaweza kwenda pamoja. Siku za matengenezo gereji naye aziwekee nafasi kwenye kalenda ya gari kama mtumiaji mwingine yeyote. Hili la gereji ni dogo lakini huokoa safari nyingi.

Vifaa vya kuchaji, kama kamera, spika za betri na vipaza sauti, viachiwe nafasi ya kuchajiwa baada ya matumizi. Programu hizi hazina sehemu nzuri ya kuacha mwanya huo zenyewe, kwa hiyo anayekopa aongeze muda mwishoni.

Halafu kuna hili la majibu mawili. Umealika ukumbi na projekta ndani ya kikao kimoja. Ukumbi umekubali, projekta imekataa kwa sababu iko kwenye semina Morogoro. Kikao chako bado kipo, hakijafutwa, na kwenye kalenda yako kinaonekana kizuri tu. Watu hugundua siku yenyewe, wageni wakiwa wameketi. Ukishatuma mwaliko, subiri jibu la kila kitu ulichokialika na ulisome.

Saa

Hapa miongozo iliyoandikwa kwingine haitusaidii, kwa sababu walioiandika hawahesabu saa kama sisi.

Ujumbe umeingia kwenye kundi la WhatsApp: "Kikao kesho saa 2." Aliyeuandika ana maana ya asubuhi, 8:00. Anayeweka nafasi, haraka haraka, anaandika 2:00, na kalenda inamwekea ukumbi saa nane za usiku wa manane. Au anasoma 2 PM na kuweka saa nane mchana. Ukumbi unakubali, kwa kuwa saa hizo hakuna mwingine. Asubuhi watu wanakuta wengine ndani.

Fanya mambo matatu. Kwanza, kalenda za ofisi nzima zionyeshe saa kwa mtindo wa 24, ili 14:00 isichanganywe na kitu kingine. Pili, kwenye ujumbe na barua andikeni zote mbili, "saa 2 asubuhi, 8:00", mpaka iwe mazoea. Tatu, ufundishe ukumbi kukataa usiku. Kwa Microsoft 365, washa ScheduleOnlyDuringWorkHours, na uweke saa za kazi za chumba kwa amri Set-MailboxCalendarConfiguration, ukihakikisha ukanda wa saa wa chumba chenyewe ni "E. Africa Standard Time". Ukumbi ukiwa na ukanda wa nchi ya mbali unaweza kukataa vikao vya mchana na kukubali vya usiku. Kwa Google, ukanda uwe ule wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, zote ziko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa.

Wenye ofisi nchi jirani wana la ziada. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko UTC+2, saa moja nyuma yetu. Kinshasa iko UTC+1. Muscat iko UTC+4. Tofauti hizi hazibadiliki mwaka mzima, na kalenda inazihesabu vizuri ilimradi kila mtu na kila chumba kimewekewa ukanda wake sahihi.

Ulaya ndiko kwenye kizungumkuti. London wanasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao cha kila wiki kilichoitishwa na mtu wa London saa 10:00 za kwake, kwetu kinakuwa 13:00 wakati wao wako kwenye baridi na 12:00 wakati wa kiangazi chao. Na ukumbi wako unafuata. Unauweka kwenye mfululizo huo, unakataliwa, unaangalia wiki hii na ijayo huoni mgongano wowote. Mgongano uko Aprili, ambako kikao kimesogea saa moja na kukanyaga cha mwingine. Kikao kikiitishwa na mtu wa Nairobi kwa saa za Nairobi, sisi tunabaki palepale na wao ndio wanaosogea. Kama ukumbi uko kwetu na watu wengi wako kwetu, kiitishwe huku.

Zingatieni na Ijumaa. Kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana Waislamu wengi wako msikitini, na ukumbi unaoonekana huru saa hizo si ushahidi kwamba watu nao wako huru. Sikukuu za Idd hufuata kuandama kwa mwezi, kwa hiyo tarehe iliyojazwa na kalenda yenyewe ni makadirio. Kikao kikubwa kisiwekwe siku inayofuata au kutangulia tarehe hiyo.

Vikao hewa

Kila ofisi ina chumba ambacho kwenye kalenda kimejaa na ukifungua mlango hakuna mtu. Chanzo karibu kila mara ni vikao vya kujirudia visivyo na mwisho. Mradi ulikwisha, kikao chake cha Alhamisi kinaendelea kushika nafasi. Agizeni kila mfululizo uwe na tarehe ya mwisho, isizidi robo mwaka, na anayetaka kuendelea aweke upya. Watalalamika. Lakini kule kuweka upya kunamlazimisha mtu ajiulize kama bado anakihitaji.

Mfanyakazi akiacha kazi, vikao alivyoitisha vinabaki kwenye kalenda ya ukumbi hata baada ya akaunti yake kufungwa, na wenzake hawawezi kuvifuta. Kwa hiyo kabla ya kufunga akaunti, kwa Microsoft 365 tumia amri Remove-CalendarEvents yenye -CancelOrganizedMeetings na idadi ya siku zinazohusika. Kwa Google, wakati wa kuhamisha data ya mtumiaji anayeondoka, kuna sehemu ya kuachia vyumba na vifaa alivyoviwekea nafasi. Iwekeni kwenye fomu ya makabidhiano, mstari uleule wa kurudisha funguo na kitambulisho.

Dakika kumi na tano baada ya muda kuanza bila mtu kutokea, chumba kiwe cha aliyepo. Kanuni hii haihitaji programu, inahitaji karatasi mlangoni.

Kuwaonyesha watu

Usiwaandikie watumiaji kitabu. Waonyeshe mpangilio mmoja: fungua kikao kipya, weka saa, weka watu, weka chumba, tuma, subiri jibu la chumba. Saa zitangulie chumba, maana programu haiwezi kukuonyesha vyumba vilivyo wazi kabla haijajua unavitaka lini. Wengi huanza na chumba wanachokipenda, kisha wanazunguka kutafuta saa.

Wajue pia kwamba kuhamisha kikao ni kuomba upya. Ukisogeza kutoka saa tano kwenda saa saba, chumba kinaulizwa tena na kinaweza kukataa. Na kikao kikifa, kifutwe na aliyekiitisha. Kuwaambia watu kwa simu hakukiachii chumba.

Mapokezi wapewe kazi ya kuchapisha ratiba ya siku kila asubuhi na kuibandika mlangoni. Umeme hukatika, intaneti hupotea, na mgeni hana akaunti yenu. Google Calendar ndani ya Chrome inaweza kuwekwa isomeke bila intaneti, lakini ni kusoma tu, huwezi kuweka nafasi mpya. Mtu akiuliza kwenye kundi "ukumbi uko wazi?", asijibiwe ndiyo au hapana. Atumiwe kiungo cha kalenda aangalie mwenyewe. Ukimjibu mmoja, kesho kundi lote limerudi kuwa daftari.

Kabla ya kutangaza, jaribu kuuvunja mfumo kwa akaunti mbili za kawaida, zisizo za msimamizi. Weka nafasi mbili saa ileile. Weka saa nane usiku. Weka mfululizo wa mwaka. Jaribu kufuta kikao cha mwenzako kupitia kalenda ya chumba. Kila jaribio lijibiwe kama sheria zenu zinavyosema, na lisipojibiwa hivyo rekebisha mpangilio kabla watu hawajaingia. Nafasi zilizoko kwenye kalenda ya zamani zihamishwe na mtu mmoja kwa siku moja, kisha ruhusa ya kuandika humo iondolewe kwa wote.

Kama ofisi haina akaunti ya kulipia

Kwa Gmail za bure huwezi kusajili chumba chenye kujibu chenyewe. Zipo njia tatu.

Ya kwanza ni kalenda ya pamoja, lakini mhariri awe mmoja, kwa kawaida mapokezi, na wengine wote waone tu. Kalenda mpya iunde kwenye kompyuta. Hapa anayekataa ni binadamu, kwa hiyo apewe nguvu ya kukataa, hata kwa mabosi. Asipopewa, usijisumbue.

Ya pili inafaa ofisi yenye chumba kimoja. Kifungulie chumba akaunti yake ya Google, na humo utengeneze ukurasa wa miadi, ambao akaunti binafsi inaruhusiwa kuwa nao mmoja. Gawanya siku vipande vya saa moja moja na usambaze kiungo. Anayebofya kipande amekichukua, na kwa mwingine kinatoweka. Njia hii ni ngumu kwa vikao virefu au vya kujirudia, lakini haiwezi kuwapa watu wawili saa ileile.

Ya tatu ni MRBS (Meeting Room Booking System), programu huria na ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hii tu ya vyumba vya mikutano. Inaendeshwa kwenye seva ya PHP (lugha ya kuandikia tovuti) yenye hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL, na kompyuta ya zamani iliyoko ofisini inatosha. Ubora wake kwetu ni kwamba inafanya kazi ndani ya mtandao wa ofisi hata intaneti ikiwa imekatika. Inataka mtu wa kuitunza na kuhifadhi nakala ya data kila wiki, nje ya kompyuta hiyo.